Ua Jeupe Halipakwi Rangi

Enzi zetu, ukisimama mlangoni pa nyumba yetu Kitengela, hapakuwa na kitu cha kukuzuia macho mpaka vilima vya Ngong. Palikuwa na nyasi tu, na nyumbu waliokuja kulisha karibu na kamba ya kuanikia nguo, na upepo uliokutilia vumbi kwenye uji kabla hujaupuliza. Wenzangu mliokulia upande ule mnajua ninachosema. Watoto wa leo ukiwaambia kwamba nyumbu aliwahi kutafuna sketi yako ya shule, wanakuuliza kama uliipiga picha.

Lakini kuliko yote nakumbuka maji, kwa sababu hayakuwapo. Tuliyateka kisimani kwa mitungi ya lita ishirini, punda akabeba minne na mimi nikabeba lawama zote. Yalikuwa ya chumvi, hata chai ya kwetu ilikolea chumvi kabla ya sukari. Maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, yakaosha miguu, kisha yakastaafu kwenye shina la mnyanya nyuma ya jikoni. "Maji yakimwagika hayazoleki," Mama alituambia kila asubuhi, na kwetu haikuwa methali, ilikuwa sheria ya nyumba. Ukimwaga kikombe kimoja ulitazamwa kana kwamba umevunja dirisha la kanisa.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, Susu alikuja kuishi nasi. Susu ndiye nyanya yangu, mama yake Mama, aliyetoka Mbooni kwenye vilima vya Ukambani. Alikuja na kiondo alichokuwa akikisuka, kikopo cha ugoro, na macho yaliyokuwa yakimwacha polepole. Daktari alikuwa amesema jicho moja limekwisha kwenda na la pili liko njiani, na kwamba ugonjwa wake si ule wa kupasuliwa ukapona. Kila mwezi Susu alipoteza kitu. Kwanza tundu la sindano, halafu herufi za kitabu cha nyimbo, halafu nyuso zetu. Alinitambua kwa mwendo. "Huyo ni Mwende," alisema, "anaburuta miguu kama mtu anavuta mbuzi."

Alikuwa mkali, mcheshi, na alikuwa na haja moja tu. Huko Mbooni alikuwa amesikia kwamba mvua ikinyesha, mbuga za Kajiado huota maua meupe kwa usiku mmoja, mengi hadi mtu hudhani darasa zima limechana madaftari na kuyatupa uwanjani. Sisi watoto tuliyaita maua ya karatasi. Alifika wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa rangi ya mkate, akaanza kungoja.

"Kabla haya macho hayajafunga duka," aliniambia, "nataka nione hizo maua. Zingine nimeona za kutosha."

Mimi nilikuwa nikiomba usiku kucha, naomba mvua iwahi.

Muhula huohuo tukapata mwalimu mpya wa sanaa na ufundi, Mwalimu Nekesa, kutoka Bungoma. Mnaukumbuka ule mtihani wa sanaa? Wengi wetu tuliupita kwa kufinyanga chungu kilichokuwa na ufa. Yeye alikuja na kikopo cha bati chenye vidonge vinane vya rangi ya maji, vikavu kama sabuni iliyosahaulika. Burashi hazikuwapo. Tulitafuna ncha za vijiti vya mswaki hadi zikaota nywele, na hizo ndizo zikawa burashi zetu.

Siku ya kwanza alitumbukiza kijiti ndani ya kikombe, akakoroga, akapaka, akakoroga tena. Maji yalipochafuka, akaenda dirishani akayamwaga nje. Hivyo tu. Lemayian, ambaye baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe na kila juma alikuwa mnadani Bisil, akasimama bila kuinua mkono.

"Mwalimu! Hiyo maji ndama angekunywa!"

Mwalimu Nekesa akacheka peke yake. "Kwetu mvua inanyesha kila jioni, hata haiitwi," akasema. Tulimtazama kama mtu aliyesema kwao ugali huota juu ya miti. Kuanzia wiki iliyofuata aliweka ndoo chini ya dirisha, na maji ya rangi yakaenda kwa mche wa mwarobaini uliokuwa mbele ya ofisi. Tuliukagua kila asubuhi tuone kama majani yametoka ya bluu.

Sasa, kuchora maua kwa rangi za maji kunataka maji, na hapo ndipo nilipokwama. Mkono wangu ulikuwa umelelewa na Mama. Nilichovya ncha tu ya kijiti, nikaikung'uta ukingoni mwa kikombe ili tone lirudi ndani, halafu nikasugua rangi juu ya karatasi kana kwamba napiga viatu kiwi. Maua yangu yalikuwa na petali tano, zote sawa, zimezungushiwa penseli, zimekauka kama tangazo la buchari. Mwalimu alisimama nyuma yangu kwa muda.

"Mwende, hii ni ua ama ni kifuniko ya soda?"

"Ni ua, Mwalimu."

"Basi linaona kiu. Lipe maji."

Sikuweza. Si ukaidi. Kila nikizamisha kijiti nilisikia sauti ya Mama.

Kisha mvua ikaja. Ilikuja mchana, ikapiga bati hadi tukaongea kwa ishara, na baada ya siku chache nikaamka nikakuta mbuga imekuwa nyeupe. Nimeona mambo mengi tangu hapo, lakini sijawahi tena kusimama mlangoni nikashindwa kupumua. Maua hayana hata shina la maana, yamelala tu chini, meupe, mengi, mpaka macho yanapochoka. Nikakimbia kumwita Susu. Mama akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukamtembeza hadi katikati ya maua. Akasimama. Akageuza kichwa huku na huku.

"Ziko wapi?" akauliza.

Yalikuwa yamezunguka miguu yake yote.

"Naona mwangaza tu," akasema. "Twendeni nyumbani, matope itaniangusha."

Nilichuma moja nimpelekee karibu na jicho. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa maana ua la karatasi ukilichuma hukasirika. Kabla hatujafika mlangoni lilikuwa limenyauka na kuwa jeusi mkononi mwangu. Susu alilipapasa, akalirudisha. Nililia nyuma ya jikoni, na siku ile hata sikujali machozi ni maji.

Ijumaa nikamwendea Mwalimu Nekesa na kumweleza yote. Nikamwomba rangi nyeupe, maana kwenye kikopo chake haikuwapo. Akanitazama sana, kisha akafunga mlango wa darasa, akatandika karatasi ya manila mezani.

"Nyeupe haipakwi," akasema. "Nyeupe unaiacha."

Akailowesha karatasi yote kwa kitambaa, isipokuwa mahali pamoja katikati alipoparuka. Nilishika pumzi kwa ajili ya maji yale. Kisha akagusa karatasi kwa ncha yenye kijani, mara moja tu, na kijani kikaondoka chenyewe. Kikatembea. Kikajitandaza kama moshi, kikafika mahali pakavu, kikasimama. Akagusa na bluu, ikakutana na kijani, zikasalimiana, zikaingiana. Na pale katikati, mahali ambapo hakuwa amegusa kabisa, ua jeupe likatokea. Hakulichora. Alichora kila kitu kilicholizunguka, nalo likaja.

Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, neno ambalo shuleni lilikuwa na kiboko chake. Hakunichapa. Alinipa manila nzima na vidonge viwili, kijani na bluu, akaniambia nivirudishe Jumatatu.

Jumamosi Mama alikwenda sokoni. Nikatandika manila sakafuni, karibu na kiti cha Susu, nikajaza maji nusu kikombe. Nikachovya ncha. Nikaikung'uta. Susu, aliyekuwa akisuka kiondo chake kwa vidole tu, akauliza, "Unapiga nini hapo, tik tik?"

"Naokoa maji, Susu."

"Ya nini?"

Nikamwambia. Akanielekeza kwenye beseni lililokinga maji ya mvua kutoka paani, maji matamu ambayo Mama alikuwa ameyafunika kwa sinia yawe ya chai ya wageni. "Mimi ni mgeni," akasema Susu. "Tumia hayo."

Nikayateka. Kikombe kizima, kimejaa. Nikafumba macho nikakimimina juu ya karatasi. Kisha nikagusa. Rangi ikaondoka, mimi nikiifuata tu na kuiinamisha karatasi huku na huku, nikiomba isiguse yale madoa makavu matatu niliyoyalinda kwa kiganja. Hayakuwa makavu yote. La tatu lilivuja upande mmoja, likapinda. Nilidhani nimeliharibu.

Hapo ndipo Mama aliingia. Akaona beseni liko wazi, sakafu imelowa, mikono yangu kijani hadi kwenye kiwiko. Akafungua kinywa.

"Mama Mwende, nyamaza," Susu akasema. "Mtoto anafanya kazi."

Mama akatazama karatasi. Akaweka kikapu chini. Kisha, na hili sijawahi kulisahau, akaenda mwenyewe kwenye beseni, akateka kikombe cha pili, akaniletea.

Ilipokauka tuliiegemeza mlangoni, jua likiipiga, na Susu akasogeza kiti. Maua yalikuwa makubwa kama sahani na giza la kijani limeyazunguka. Kisha Susu akanyoosha kidole.

"Moja," akasema. "Mbili." Kidole kikatafuta. "Ya tatu inainama."

Mama aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitu.

"Kumbe ziko nyeupe hivyo," akasema Susu.

Picha ilitundikwa juu ya kitanda chake. Kabla ya mwaka kwisha jicho la pili likafunga duka, lakini kila mgeni aliyeingia alioneshwa kwa kidole, moja, mbili, ya tatu inainama, na kidole hakikukosea hata mara moja.

Leo bado naishi Kitengela. Nikisimama mlangoni naona ukuta wa jirani, na juu ya ukuta naona nguo za jirani wa ghorofa ya nne. Maji yako kwenye bomba, siku anapopenda mwenye bomba. Binti yangu Mutanu ameanza kujifunza kuchora maua kwa simu. Ana rangi arobaini na nane, burashi zenye majina, na maji ya chupa, mtoto wa mjukuu wa Mbooni! Anasimamisha video, anapaka kidogo, anairudisha nyuma, anahakikisha. Wiki iliyopita alitupa karatasi ya sita.

"Mum, mbona yangu inakaa kama sticker?" akaniuliza. "Nimefuata kila step."

Nikacheka, kwa sababu nililijua lile ua. Ni lile lenye kiu. Nikaenda chumbani nikatoa ile manila chini ya nguo za Susu, ambaye tulimzika Mbooni zamani. Sikuwa nimeikunjua kwa miaka. Rangi za shule hazikuumbwa zidumu. Kijani kilikuwa kimekwenda, bluu imekwenda, imebaki manila tupu iliyogeuka manjano kidogo, kama mbuga ile yenyewe, ambayo sasa ni mawe na mabati na sijui maua yake yalikimbilia wapi.

Mutanu aliigeuza nyuma na mbele. "Lakini Mum, hapa hakuna kitu."

"Kiko," nikamwambia, nikanyoosha kidole. "Moja. Mbili. Ya tatu inainama."

Akanitazama, akaitazama karatasi. Kisha akasogeza simu pembeni, akakichukua kikombe chake na kukijaza hadi juu.