Siku Nilipomshinda Kaka Yangu kwa Hoja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipotoka chuoni Butimba kwenda Nyakato kumthibitishia kaka yangu kwamba Mungu yupo. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, na daftari langu lilikuwa na hoja kumi na moja nilizoziandika kwa mwandiko mzuri. Katika kikundi chetu cha wanafunzi Wakristo hakuna aliyeniweza kwenye mjadala, hata wavulana. Nilijua hivyo, na nilitembea kama mtu anayejua hivyo.

Kaka Masanja alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi kitindamimba. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo, na ndiye aliyenisomesha. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo mkewe, wifi Suzana, alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Tangu tulipowazika, kaka hakukanyaga tena kanisani. Padri alipomfuata, kaka alimwambia kwamba hakuna Mungu, aende salama. Habari zikamfikia mama kijijini, naye akaniagiza: nenda ukamwone kaka yako. Sikia vizuri maneno ya mama, mwanangu. Alisema nikamwone. Mimi nilisikia nikamshinde.

Nilimkuta amechutama mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kabula. Ingia. Kiti ni hicho kimoja, mimi nitakaa kitandani."

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Khanga za wifi zilikuwa bado kwenye kamba, zimekunjwa. Niliziona, nikafungua daftari.

Nilianza na kazi yake mwenyewe. Nikamuuliza kama katika miaka yote ya ufundi amewahi kuona mtambo uliojiunda. Akasema hajawahi. Nikamuuliza, basi jua, na ziwa hili, na jicho la samaki, vilijiunda? Akafikiri, akasema haiwezekani. Nikaja kwenye chanzo: kila kilichoanza kuwapo kimeanzishwa na kitu kingine, na huwezi kurudi nyuma bila mwisho, lazima ufike kwa asiyeanzishwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayesikiliza sauti ya injini. Nikaja kwenye dhamiri, nikamuuliza kwa nini moyo wa mtu unajua kwamba dhuluma ni dhuluma hata pasipo na askari wala hakimu. Kila nilipouliza alijibu kwa haki, bila ubishi. Ugali ulikuwa umepoa kwenye sahani kati yetu.

Nilipofika hoja ya saba alinyanyua mkono.

"Basi, mdogo wangu. Umeshinda. Yupo."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimefunga daftari aliposema tena, kwa sauti ya chini, akiwa ameweka kiganja upande wa kitanda uliokuwa mtupu:

"Sasa hapa nifanye nini?"

Nikamwambia amwombe Mungu. Akaniambia, "Kaa tule." Nikasema nimechelewa, kikundi kinanisubiri. Na kweli kilikuwa kinanisubiri, kisikie nilivyomshinda.

Jumapili baada ya misa nilimsimulia katekista wa kigango chetu, Mzee Lubango. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkulima wa mpunga, masomo yake ya darasani yaliishia darasa la nne. Nilitegemea anisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Alikula?"

"Nani, mzee?"

"Kaka yako. Alikula ule ugali?"

Nikasema sijui, niliondoka.

Watu walikuwa wanatoka kanisani wakisalimiana, naye akanivuta pembeni, tukakaa kwenye matofali ya ujenzi.

"Binti," alisema, "ile jioni kabla hajakamatwa, Bwana wetu aliwaambia nini rafiki zake kule bustanini?"

Nikamjibu haraka, kama darasani: aliwaambia wakeshe pamoja naye.

"Alikuwa na shaka kama Baba yake yupo?"

"Hapana, mzee."

"Hakuna aliyejua kuliko yeye. Na bado aliogopa. Alitoka jasho. Akawaomba wavuvi watatu wakae karibu naye, basi. Hakuwaomba mahubiri. Akaenda kusali, akarudi kuwatazama, akawakuta wamelala. Akaenda, akarudi tena. Mtu anayerudi rudi hivyo, Kabula, anatafuta nini?"

Nilikuwa nimeijua habari ile tangu utotoni, lakini siku zote nilikuwa nimeisoma nikiwa upande wa Mungu, nikitazama kutoka juu. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mwenye hofu, anatembea kwenye miti, anatafuta mtu aliye macho.

"Wewe umemhubiri kaka yako Mungu aliyeumba jua," mzee akasema, "na hukukosea. Lakini huyo huyo alichoka, akasikia njaa, akamlilia rafiki yake kaburini. Huyo aliyechoka ndiye ambaye kaka yako alikuwa anamhitaji, na kiti ulichokalia kilikuwa cha huyo, cha kukaa na kula naye."

Nilirudi Nyakato Jumamosi iliyofuata bila daftari. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mwenye nyumba aliniambia Masanja ameacha kazi, ameuza kitanda, amevuka kwenda visiwani kutengeneza mashine za mitumbwi. Kisiwa gani, hajui.

Ilinichukua karibu mwaka kumpata. Nilimtafuta kila likizo, nikiuliza mwalo hadi mwalo, kila ufuko mitumbwi inapotia nanga. Nilimkuta kwenye kambi moja ya wavuvi ng'ambo ya Ukerewe, amekonda, ndevu zimejaa, anafungua mashine kwenye kivuli cha turubai. Aliniona, akainama kuendelea na kazi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ulimi uliniwasha, mwanangu, sitakudanganya, lakini nilinyamaza. Nikampokeza spana alizoonyesha kwa kidole. Jioni nikapika dagaa, tukala. Kesho yake hivyo hivyo.

Siku ya tatu, mikono yake ikiwa kwenye oili, alisema, "Wifi yako alikuwa tayari amempa mtoto jina." Akalitaja, akalia. Nami nikalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto yule alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa langu.

Sitakupambia habari. Kaka hakurudi kanisani mwaka ule, wala miaka mingi iliyofuata. Aliporudi, alirudi mwenyewe, akiwa na mvi, akakaa benchi la nyuma. Hatukuwahi kuzungumza tena juu ya hoja zangu. Sasa naye ametangulia, na mume wangu pia, na wanangu wa kuzaa wako Dar na Dodoma. Hapa Buhongwa nyumba ina vyumba vinne na mimi nalala kimoja. Wageni wa kanisani huja. Husimama mlangoni, huniambia, "Mama, Mungu yupo," kisha huaga kabla maji ya chai hayajachemka. Ninajua kwamba yupo. Ninazijua hoja zote kumi na moja. Huwa natamani kuwaambia, kaeni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Usiache kujifunza hoja, mwanangu. Akili umepewa uitumie, na atakayekuuliza kwa kutaka kujua, mjibu vizuri na kwa adabu. Lakini aliyefiwa anaposema hakuna Mungu, mara nyingi anakwambia kwamba hakuna mtu. Usimjibu lile la kwanza kabla hujaliondoa la pili. Kula chakula chake. Nyamaza naye. Ukimwamini Kristo kwamba alikuwa mtu kweli, mwenye mwili uliochoka na moyo ulioogopa, basi usione aibu kuwa mtu mbele ya mwenzako.

Mungu akupe akili ya kumtetea na subira ya kukaa kimya. Na jioni yako itakapofika, akukute na mtu aliye macho pembeni yako. Amina.