Maziwa Yangu Hayakuwa na Kosa

Kina mama mlio na vichanga, haya nayasema kwa ajili yenu. Mimi ni Zuhura wa Jang'ombe, mshona mabuibui. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mwanangu Suleiman alizaliwa mzima, ana sauti ya muadhini, na mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwanaisha, akaanza kunipikia uji wa pilipili manga kama anavyopikiwa kila mzazi kwetu. Ulikuwa mkali wa kunitoa machozi, lakini nani angethubutu kumwambia?

Kabla kitovu hakijadondoka, macho ya mtoto yakawa manjano, kisha uso, kisha kifua. Akawa analala tu, hata kunyonya anaona uvivu. Hospitali walimpima damu, wakasema manjano yamepanda, lazima awekwe chini ya taa. Wakamvua nguo akabaki na nepi, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakamwashia mwanga wa buluu.

Siku iliyofuata akaanza kuharisha. Kinyesi cha majimaji, cha kijani, na mgongo umetoka vipele vyekundu. Niliogopa mno. Mama wa kitanda cha jirani akaitazama nepi, akasema, "Mwenzangu, maziwa yako hayo. Pilipili yote imo humo. Usimnyonyeshe kwanza."

Bi Mwanaisha alisikia. Mwanamke huyu, ambaye sijapata kumwona akikubali kosa hata la chumvi, alikaa sakafuni akalia. "Mie ndo nlomuunguza mjukuu wangu." Uji akaurudisha nyumbani vilevile. Mimi huku matiti yamejaa, yanauma, maziwa yanalowesha nguo, na mwanangu simpi. Mdomo wake ukaanza kukauka. Mwili ukawa moto. Nepi iliyofuata haikuwa na mkojo.

Hapo nikamwita nesi. Akamshika mtoto, akauliza, "Kanyonya saa ngapi?" Nikamweleza yote.

"Lahaula! Nani kakwambia? Taa ndo inayomharisha. Manjano yanatoka kwa choo, ndo maana kijani. Na vipele ni vya taa, vitaondoka. Lakini mtoto anakauka maji, na maji yake ndo hayo unayomnyima!"

"Na uji wangu?" mavyaa akauliza kwa sauti ndogo.

"Uji hauna kosa, bi mkubwa. Mpe anywe, apate maziwa."

Mtoto hakuwa tena na nguvu za kuvuta. Nikakamua, tukamnywesha kwa kikombe kidogo, taratibu. Daktari akaja kumpima joto, akasema asipokojoa atatiwa dripu. Nilikuwa nakamua na huku naomba dua. Adhuhuri akakojoa. Alhamdulillahi, sijapata kuufurahia mkojo wa mtu namna ile! Bi Mwanaisha akapiga kigelegele wodini mpaka akanyamazishwa.

Basi manjano yakashuka, taa ikazimwa, kuhara kukakoma. Nesi akamfungua kitambaa, na mwanangu akafumbua macho meupe, akanitazama. Nililia kwa furaha.

Namshukuru Mungu, namshukuru nesi yule, na hata jirani yangu simlaumu, maana alinitakia heri. Nanyi nawaomba: mtoto akiwa chini ya taa, choo chake kikibadilika, muulizeni nesi kabla ya kumnyima ziwa. Ukiona mdomo mkavu au mkojo haupo, piga kelele, usione haya. Wangu alikuwa anakauka mbele ya macho yangu, na maziwa ninayo. Wako asikauke.