Siku Kaswera aliacha kuwa Mupishi

Jaribu kumuona Kaswera akifika: anatoka kushona, uzi ungali kwenye bega, na mbele ya kukaa anasalimia kila mutu kwa jina. Pale Mususa, kwa karakana ya Ananie seremala, kuna ubao wa mchezo, wa triplex, ile mbao nyembamba, uliochorwa barabara toka Mabalako mpaka Butembo. Wachezaji wote ni upande mumoja; adui yao ni matope. Wakifikisha kahawa mbele ya mvua kukata daraja, wameshinda pamoja.

Kila mutu anachagua kazi: Dereva, Fundi, Mubebaji, Mupishi. Kaswera alikuwa Mupishi tangu mwanzo, na Mupishi kweli kweli: sahani yake moja inarudishia wenzake wote nguvu, ila inamukulia zamu nzima. Mpaka sokoni walimuita Mama Mupishi. Mususa ni hivyo, kazi uliyoanza nayo mezani inakuwa jina lako. Nani anaachaka jina?

Lakini wenzao wawili wa mezani wakaondoka: Esdras alihamia Beni, Léa akaolewa mbali. Wakabaki wawili, na kila Jumamosi mvua inawashinda.

«Yaya, dada yangu,» Ananie akasema, «leo tukipoteza, huu ubao naukata. Muke wangu anataka mulango wa kuku.»

«Kuku zako zilale nyuma ya triplex kama mapatron, wakubwa wa kazi!» Kaswera akacheka. Lakini roho ilimuuma. Juma zima anashona akingojea ile meza.

Akaangalia ubao. «Ona, zamani nilikuwa nalisha batu batatu. Sasa nalisha weye peke yako, na wa kubeba hapana. Weye unashiba, kahawa inabakia mu matope!»

«Basi tufanye nini?»

«Leo mimi ni Mubebaji.»

«Mama Mupishi! Batu batasema nini?»

«Baseme. Weye endesha.»

Mutu mwingine angeng'ang'ania sifa yake. Yeye alibeba gunia kwa gunia, Ananie akiendesha na njaa yake, na wakavuka daraja kwa zamu ya mwisho kabisa. Ananie alipiga meza mpaka misumari ikamwagika chini. Habari ya mulango wa kuku ikaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata, jirani yao Shalom akavuta kiti, akawa wa tatu. Akauliza achukue kazi gani. Kaswera akacheka: akimuachia ubebaji, yeye anaweza kurudi Mupishi. Sahani moja kwa watu wawili: inatosha kulipa zamu ya Mupishi, ao bado? Weye ungemujibu Shalom nini?