Gari la Kiwanda

Shangazi yangu alikuwa mkaguzi wa kazi, na ofisi yake haikuwa na gari. Lililokuwepo lilikaa juu ya mawe uani, kuku wa jirani wakitagia ndani. Kwa hiyo kila alipotaka kukagua kiwanda, alikipigia simu kiwanda hicho hicho kimtumie gari. Ni sawa na polisi kumwomba mwizi amfuate nyumbani ili akamkamate. Ndivyo kazi ilivyofanyika, na wakubwa wake hawakuona aibu yoyote.

Baba, mdogo wake, alikuwa fundi katika kiwanda cha masufuria. Mashine za pale hugandamiza bati mpaka liwe sufuria, na kila moja ina kinga yake, wavu wa chuma unaozuia mkono usiingie chini ya nyundo. Kinga hupunguza kasi, basi msimamizi aliamuru zikae stoo. Kila mara dereva alipotumwa kumleta shangazi, baba alizima mashine akazifunga kinga zote. Shangazi akiondoka, zilirudi stoo kama vikombe vya wageni. Siku za ukaguzi wafanyakazi waligawiwa glavu pia, wakawa wanataniana: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi alikuwa mjane, akiishi kwetu. Jioni ndugu hao wawili walikula sahani moja. Yeye alijua, baba alijua kwamba anajua, na wote wawili walisifia mboga. Mimi nilikuwa natoka pale nimeshiba hasira.

Kisha mama mmoja wa kiwandani akakatwa vidole na mashine. Alikwenda ofisini kwa shangazi, akaweka mkono wake juu ya meza. Usiku ule shangazi hakugusa chakula. Asubuhi hakupiga simu. Alivaa viatu vya chini akaondoka kwa miguu, bila kumuaga hata baba.

Mlinzi alimweka getini. Mara ufunguo hauonekani, mara aliyekuwa nao ameenda msalani. Huko ndani msimamizi alimwamuru baba afunge kinga haraka, tena mashine zikiwa zinafanya kazi, kwa sababu kiwanda kikinyamaza ghafla mkaguzi atashtuka. Baba alifunga ya kwanza salama. Mashine ya pili ilimla mkono wa kulia. Shangazi, bado yuko getini, akasikia kiwanda kizima kimenyamaza.

Hospitalini alikaa kando ya kitanda mpaka baba alipofumbua macho.

"Kwa nini hukukataa, mdogo wangu?"

"Waliniambia ni wewe uko nje, dada. Anayezifungua kinga ni mimi. Ungezikuta mashine hazina kinga, ungelazimika kuniandika mimi kwenye ripoti yako. Sikutaka uchague."

Shangazi alifunika uso kwa khanga. Nilimchukia kwa kwenda siku ile, na nilimchukia kwa siku zote ambazo hakwenda hivyo. Mpaka leo sijui chuki ipi ilinichoma zaidi.

Sheria haimruhusu mkaguzi kuchunguza jambo la ndugu yake, hivyo uchunguzi alipewa mwenzake. Mwenzake alifuata utaratibu: alipiga simu, gari likaja likamchukua. Alikuta kinga ziko mahali pake, kila mashine imevaa ya kwake, hata ile. Akaamua kwamba ajali ilitokana na uzembe wa fundi. Shangazi alimfuata mkuu wa ofisi akamweleza yote. Mkuu alimsikiliza kwa upole, akamwambia ana uchungu, apumzike kwanza.

Alipumzika, kisha akarudi kazini. Afanye nini? Sasa nyumba nzima inakula kwake. Asubuhi baba humwendea na shati mabegani, naye humfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Honi ikilia nje, anakimalizia cha juu, anachukua mkoba wake, anakwenda kupanda gari la kiwanda.