Tulivyojengewa uwezo wa kugharamia maji Maguu, hadi tukalikosa bomba

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, tena nikiwa katibu wa kamati. Sina cha kuongeza. Laiti ningekuwa na cha kupunguza.

Kwetu ni Maguu, milimani Mbinga, kwenye kahawa. Mvua zilizopita ziliporomosha udongo, ukaondoka na bomba linaloleta maji kutoka chemchemi hadi tanki la kijiji.

Tangu hapo mama yangu, ambaye magoti yake yalishastaafu, anateremka bondeni na ndoo kama wenzake.

Shirika moja likakubali kutupatia bomba jipya, kwa sharti kwamba kamati ijengewe kwanza uwezo wa kugharamia maji.

Semina ilifanyika Liuli. Ziwa Nyasa lilikuwa pale nje ya dirisha, limejaa hadi macho yanapokoma, nasi ndani tunafundishwa uhaba. Bomba la ukumbi halikutoa hata tone. Tulinawa kwa maji ya beseni, tukala ugali na samaki aina ya mbasa, tukarudi kwenye slaidi ya "uendelevu".

Mimi nilisomea uchumi chuo kikuu, na nakiri kwamba slaidi zile zilikuwa nzuri.

Mwezeshaji akatangaza kwamba angekuja Maguu kujionea hali halisi kabla ya bomba kuidhinishwa. Nikafurahi. Hali halisi tulikuwa nayo tele.

Tuliporudi, mwenyekiti wetu, Mzee Ndunguru, akaitisha ngokela, ule utaratibu wetu wa watu kukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha kunywa pombe pamoja. Safari hii shamba lilikuwa tanki.

"Tulijaze," akasema.

"Mzee, shikamoo, lakini ukavu ndio tunaotaka auone!"

"Marahaba. Katibu, mgeni akija kwako unamfunulia chungu kitupu?"

Mama akadakia, "Akiomba maji ya kunawa utampa nini, mwanangu? Maelezo?"

Watu wakacheka, na hoja yangu ikafia hapo.

Basi kijiji kizima kikapanda na kushuka. Ndoo, madumu, hata sufuria za harusi. Mama naye akabeba yake, akipumzika kila kona.

Mgeni alipofika, Mzee Ndunguru akamkaribisha kwa heshima zote kwenye bomba la kuchotea lililo chini ya tanki. Mgeni akafungulia. Maji yakaruka!

Akanawa mikono. Akanawa uso. Akapiga picha. Kisha akageuka kutuhutubia, bomba akaliacha wazi.

Wakuu, hakuna aliyethubutu kulifunga. Kwetu, kumfungia mgeni maji ni sawa na kumpokonya sahani. Tukasimama tukiitikia hotuba huku macho yetu yote yakifuata maji yale yanavyoelekea kwenye migomba.

"Hiyo inayopita sasa ni ndoo yangu," mama akaninong'oneza. "Naijua. Ina majani."

Mgeni akahitimisha kwamba maji yapo, hivyo bomba lipelekwe kwa wenye shida.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikanyoosha mkono.

"Mtaalamu, maji haya hayakuja kwa bomba. Yamebebwa kichwani kutoka bondeni, na akina mama hawa."

Mzee Ndunguru akatazama viatu vyake.

Mgeni akanikazia macho, kisha uso ukamchangamka. "Yote haya? Kijiji kizima? Bila kulipwa?"

"Bila kulipwa."

"Basi hicho ndicho tulichokuwa tunakifundisha! Nyie uwezo mnao tayari!"

Akapiga makofi. Nasi, kwa adabu, tukapiga.

Wiki iliyofuata barua ikaja: bomba limekwenda kijiji kingine, na Maguu tumeteuliwa kijiji cha mfano. Katibu anaombwa kwenda Liuli kuwafundisha wenzake.

Asubuhi ya safari nilimkuta mama mlangoni, ndoo mkononi.

"Kawafundishe vizuri," akasema. "Ila wakikuuliza siri ni nini, usiwaambie magoti. Watayataka."

Akaanza kuteremka. Nikaweka begi la semina chini, nikamfuata, nikampokea ndoo. Liuli sikwenda.

Nilichojifunza, wakuu: ukarimu ni mali, lakini anayekuja kupima kiu yako usimpokee na maji. Mwache aione kwanza, kisha mkanawe pamoja bondeni.

Nawakaribisha kwa maoni, hasa wale ambao vijiji vyao viliwahi kuwa vya mfano. Mlijinasuaje?