Askari Mwenye Jina la Kukhu

Jana binti yangu aliwasha ile gemu ya vita ya Wajapani, toleo jipya, akaniuliza kama niliijua nikiwa mdogo. Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia naijua sana, na mwiko ukasimama sufuriani. Utanicheka, rafiki yangu, lakini ngoja nikueleze.

Mimi nililelewa kijijini Malinya na Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Likizo moja jirani yetu, aliyekuwa akisomea ufundi wa umeme kwenye chuo cha Sigalagala, aliniazima gemu kuukuu ya mkononi. Si ya kufyatua risasi ovyo. Unapanga askari kwenye viwanja vya mraba kama kete za drafti, unasogeza wako, kisha adui anasogeza wake. Jirani aliijua historia yake yote. Alisema ilianza Japani kabla hatujazaliwa, kwenye mashine za kuunganishwa na televisheni, na matoleo yakafuatana, kila moja na wafalme wake, lakini sheria moja hawakuigusa: askari akifa, amekufa. Hata uzime uwashe.

Ilikuruhusu pia kuwapa askari majina. Nyumbani tulikuwa wawili tu, ningemwita nani mwingine? Mponyaji mwenye fimbo nikampa jina la Kukhu, maana naye alitembea na fimbo, na watoto wa kijiji wakiumwa tumbo waliletwa kwake. Nilicheza huku Kukhu mwenyewe akichambua tsisaga, mboga zetu za kienyeji, mlangoni, akinung'unika kwamba kuni hazijaletwa.

Siku moja alienda soko la Lubao kuuza jogoo. Nikamsogeza mponyaji wangu darajani akamtibu mwenzake, sikumwona mpiga mishale nyuma ya miti. Mshale mmoja tu. Jina la Kukhu likatokea kwenye kioo, na chini yake maneno kwamba ametutoka. Nikazima, nikawasha. Hakuwepo. Nikakimbia kwa jirani.

"Huyo harudi," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza.

Ndipo mvua yetu ya alasiri ikashuka na radi zake. Akina mama waliotoka sokoni wakapita wamejifunika karatasi za nailoni, na Kukhu hakuwa kati yao. Nilisimama langoni nimelowa chapachapa. Niliogopa hata kumwita, nisije nikalitaja lile jina tena.

Akatokea mwishowe, jogoo bado kwapani. Nikamng'ang'ania gauni nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, aniite mjinga. Hakucheka. Kwetu mtoto hurithi jina la mzee aliyekwisha kuzikwa; la mtu aliye hai haligawiwi.

"Hilo jina mimi bado nalitumianga," akasema polepole. "Mnyang'anye."

Ningemnyang'anyaje, naye askari hayupo tena? Kukhu akaketi, akauangalia mlango. Jioni ile obusuma, ugali wake, hakuumaliza.

Tangu hapo kila alfajiri nilisubiri kikohozi chake kabla sijathubutu kufungua macho. Alikohoa miaka mingi, Mungu amrehemu, na alipoenda alienda kwa uzee, kitandani kwake. Mlango wake sasa una kufuli. Jirani alihama, na tsisaga nainunua mjini, ikiwa imeshachambuliwa na mtu nisiyemjua. Binti yangu alizaliwa baada ya mazishi, tukampa lile jina.

Sasa jana ananiita, "Mama, njoo uone, huyu askari nimempa jina langu!"

Nilifika askari akianguka. Jina lilelile, kioo kingine. Nikapiga kelele hadi mtoto akashtuka, kisha akanicheka.

"Mama, si siku hizi wamebadilisha? Unarudisha tu nyuma." Akabonyeza, askari akasimama. "Umeona? Amerudi."

Ugali ulikuwa unaungua na sikujali. Nilimwambia ampe askari jina lingine, sasa hivi. Akauliza kwa nini. Nikamrudishia maneno ya Kukhu.

"Hilo bado unalitumianga," nikasema.

Akalifuta. Nilikaa pale nimemshika bega, nikimsikiliza akipumua.