Gurudumu la Sauti Moja

Miaka ile ya mwanzo wa themanini hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse spoki. Nilikuwa fundi baiskeli Karatu, na magurudumu niliyafunga kwa kuokoteza: ringi ya huyu, habu, kile kitovu cha gurudumu, ya yule, spoki kutoka kwenye baiskeli zilizokufa. Nilijivuna, tena sana. Niliimba besi kanisani, na sikio langu nililiamini kuliko macho. Mafundi wenzangu walizungusha gurudumu na kukodolea ringi macho. Mimi nilizipiga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, nikikaza nati mpaka zote zitoe sauti moja. Wafugaji waliotoka Kakesio walisimama kunicheka, nami nilipenda kuchekwa hivyo.

Kaka yangu aliishi Rhotia. Mkewe alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na safari hii waliapa atajifungulia hospitali, huku Karatu. Gari la kumleta? Mafuta yenyewe hayakuonekana. Kaka akaniletea baiskeli, gurudumu la nyuma limepindwa na magunia ya mahindi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Litambeba?"

"Litambeba," nikamjibu, hata kichwa sikuinua.

Spoki za aina moja hazikutosha. Nikachanganya nene za baiskeli ya mizigo na nyembamba za kawaida, nikazikaza mpaka zikaimba pamoja. Mjinga mimi! Spoki nene na nyembamba zikitoa sauti moja, hazijakazwa sawa. Ile nyembamba imelegea. Fundi yeyote pale sokoni angeniambia, kama ningekuwa mtu wa kuambiwa. Nililizungusha, likaenda limenyooka, nikaridhika.

Uchungu ulimshika shemeji asubuhi. Kaka akampakia kwenye keria. Katikati ya mteremko spoki nyembamba zikaachia, mzigo wote ukaangukia zile nene, nazo zikakatika. Ringi ikajikunja, wakaanguka wote wawili. Kaka alimbeba mkewe mgongoni njia yote iliyobaki. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Kesho yake mchana kaka alisimama mlangoni pangu, baiskeli begani, gurudumu lililokunjika mkononi. Nilitamani anitukane, au anipige nalo. Aliliweka chini tu.

"Lifunge tena," akasema. "Nina mtu wa kurudisha nyumbani."

Nilichomoa spoki za baiskeli yangu mwenyewe, zote za aina moja, nikafunga gurudumu upya kwenye ringi nyingine. Nilizibana mbili mbili kwa vidole kupima mkazo. Sikuipiga hata moja.

Nikaipeleka baiskeli mwenyewe hadi lango la hospitali. Shemeji alitoka amempakata mwanawe, amemviringisha kwenye kanga. Akaitazama baiskeli, akanitazama na mimi, kisha akanipita, akaanza kuipanda ile barabara ya Rhotia kwa miguu. Kaka alimfuata nyuma, akiisukuma baiskeli tupu. Niliwaangalia mpaka wakapinda kona, na lile gurudumu halikuyumba hata kidogo.